Riwaya niliyowachagulia wenzangu, na zile tulizokimbilia baadaye

Tuko wazazi saba. Kila Jumamosi watoto wetu wana mazoezi ya mpira hapa Tanga, na sisi tunabaki chini ya mwembe kuanzia saa mbili mpaka saa nne na nusu. Zamani kila mtu aliinamia simu yake. Mwaka jana mmoja wetu, mama mwenye duka la vitambaa, alikuja na kitabu, wa pili akakiazima, basi tukazoea: tunachanga, tunanunua nakala mbili, tunapokezana. Safari hii zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Nimechagua vibaya, na nimeshaambiwa.

Jina la riwaya silitaji. Ni kitabu cha kwanza cha mwandishi, sitaki kumzibia riziki. Nilivutwa na jalada (jahazi, jua linazama, msichana katupa mgongo) na sura ya kwanza, ambayo niliisoma nimesimama dukani. Sura ile ni nzuri, hilo simnyimi. Msichana wa Pangani anashtuka usiku, anamkuta mama yake anahesabu noti kwa mwanga wa koroboi, noti nyingi kuliko nyumba yenyewe. Nani asingetaka kujua zimetoka wapi? Nikatoa shilingi 40,000 za nakala mbili bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Sura ya tatu msichana anaondoka kwenda Dar es Salaam. Mwaka ni 1998, na anavuka mto Pangani kwenda Bweni kwa daraja. Daraja! Mama yangu ni mtu wa Bweni. Utoto wangu wote nimevushwa pale kwa kivuko, na kuna harusi ya binamu yangu niliyofika watu wakiwa wanakosha masufuria, sababu ni kivuko hichohicho. Utasema riwaya si ramani. Sawa. Lakini kivuko kingempa mwandishi bure kile alichokuwa anakihangaikia ukurasa mzima: msichana na begi lake, mji wake unabaki ng'ambo taratibu, na hata akibadili nia hawezi kushuka. Badala yake tumepewa aya mbili za machozi.

Hilo ningelimeza. Kilichonishinda ni maneno waliyotiwa watu midomoni. Bibi wa miaka themanini, hajawahi kulala nje ya Pangani, anamwambia mjukuu wake: "Fuata ndoto zako, niko hapa kwa ajili yako." Nilicheka peke yangu jikoni hadi mwanangu akaja kuangalia kuna nini. Bibi yangu mimi, siku naondoka kwenda chuo, alinitia elfu mbili kiganjani, akanifumba vidole, akasema, "Haya. Ukishiba huko usitusahau." Nililia njia nzima. Ndani ya kitabu hiki hakuna anayetania, hakuna anayesema kwa mafumbo, hakuna hata mmoja aliyevaa kanga ya kumsema jirani. Watu wa Pangani bila mafumbo! Kuanzia bibi mpaka askari, wote wanaongea kama tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili.

Na zile noti? Karibu na ukurasa wa 160 anazuka mzee ambaye hatujawahi kumsikia, anaeleza kila kitu kwa pumzi moja, kisha anagongwa na lori.

Mama wa vitambaa aliishia ukurasa wa 90. "Shoga, mimi nimerudi kwenye mahesabu yangu ya duka," aliniambia, "huko angalau najua nani kaniibia." Wengine walimaliza kwa heshima yangu, na walihakikisha nimejua hivyo. Aliyenishangaza ni baba mmoja, mstaafu wa benki, ambaye kwa kawaida hapendi kitu. Alisema binti yake wa kidato cha pili, ambaye vitabu kwake ni vya mtihani tu, alikichukua mezani akakimaliza kwa usiku mbili, taa ya simu chini ya shuka. Sikuwa na jibu. Riwaya iliyotuchosha sisi ndiyo iliyomkesha mtoto.

Basi mazungumzo yakageuka: baada ya hii, tumpe nini binti huyu kabla hamu haijapoa?

Mimi nilitaja Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Inaanzia hapahapa Tanga, kwa mwimbaji wa taarabu Zainabu Makame na mwanawe Kongowea, anayekuja kufunga safari hadi Kitale, Kenya, kumtafuta baba. Nimeisoma mara tatu na bado sehemu ya kufiwa na mama huisoma mlango umefungwa. Mama wa vitambaa akasema apewe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, kwa sababu ya Mwajuma, yule shoga wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, anayempokea Yasmin aliyemkimbia mume mzee. Mwajuma hana kitu, lakini akifungua mdomo unamsikia chumbani mwako. Tofauti ndiyo hiyo. Mstaafu mwenyewe alimtaka Bwana Msa na kiko chake, Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya mwaka 1960 ambayo Kiswahili chake kinamfanya mtu amsahau muuaji akabaki kufurahia sentensi.

Tulikorofishana kwenye Rosa Mistika ya Kezilahabi. Baba mmoja alisema si kitabu cha mtoto wa kidato cha pili, tena akatukumbusha kuwa kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni baada ya kutoka mwaka 1971. Mwalimu aliyekaa pembeni akamjibu kwamba kile hasa ni kitabu cha akina baba: Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, halafu msomaji anatazama kipigo kile kinampeleka wapi mtoto. Kimya kikapita. Mstaafu akasema atakisoma yeye kwanza. Naona ni uamuzi mzuri, ingawa nina wasiwasi atakificha.

Kwa hiyo riwaya yangu naipa nyota mbili kati ya tano, moja ya sura ya kwanza, moja ya yule binti. Ukiikuta kwa mtu, azima. Usinunue.

Nakala moja ninayo bado. Jumamosi iliyopita fundi wa mafriji, ambaye hakuwapo siku zote hizo tulipokuwa tunaichambua, aliiomba. Nikamwambia asijisumbue, zile pesa ni za—

"Usiniambie!" akaninyang'anya kitabu.