Kigoma hadi Kigali kwa basi: huduma ilivyo

Stendi ya Kigoma ukiambiwa gari "linafika Kigali moja kwa moja", uliza kama ni hilohilo litakalovuka Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Mara nyingi abiria hufaulishwa Nyakanazi, njia panda iliyo kabla ya mpaka, na nauli uliyokwisha kulipa inazua ubishi kati ya makondakta wawili. Afadhali ukate tiketi ya Nyakanazi, uunganishe hadi mpakani, kisha upande gari la Rwanda ukishavuka daraja la mto Kagera.

Mpakani kituo ni cha pamoja, mihuri yote miwili hugongwa sehemu moja. Kinachokwamisha watu ni mzigo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na hawana mzaha nayo. Dagaa wa Kigoma waliofungwa kwenye vinailoni vyembamba watafunguliwa na nailoni itabaki hapo, nawe utabaki na dagaa mkononi. Wapakie kwenye karatasi ngumu, halafu kwenye kikapu au gunia la katani.

Kipande cha Rusumo hadi Kigali, takriban kilomita 160, ndicho bora kuliko vyote: mtu mmoja kiti kimoja, na gari huondoka kwa saa iliyoandikwa. Ila saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Tiketi ya 14:00 ni saa tisa alasiri ya Tanzania. Kwenda utakaa bure tu; kurudi ndiko watu huachwa na gari la upande wetu, maana simu imeshajibadilisha yenyewe kufuata saa za Rwanda.

Gari hushusha Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, bondeni. Mjini kati ni juu, kilima cha Nyarugenge, alikoweka makazi Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907. Ramani itakudanganya kuwa ni karibu. Ni mpando mtupu, na kwa mwenye mzigo haufai kwa miguu. Pikipiki hubeba abiria mmoja na kofia ngumu ni lazima. Magari hupita kulia, kwa hiyo angalia kushoto kwanza unapovuka barabara. Mji uko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya ziwa letu, hivyo sweta ya usiku si anasa.

Epuka kufika Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi. Ni umuganda, watu wako kwenye usafi na kazi za mitaa, na hadi saa tano hivi za huko usafiri ni wa kubahatisha.