Tochi ya taimingi: nilidhani nimepigwa, hadi nikagusa kisahani

Haya watu wangu, karibuni. Leo tuko nyuma ya nyumba hapa Nakuru, jua linateremka, na nimelisubiri literemke makusudi. Anayeshika kamera ni mpwa wangu. Picha ikitikisika ni baridi ya jioni, msimseme kwenye maoni kama juzi.

Hii ndiyo tochi ya taimingi niliyowaahidi, taa ya kupimia cheche ya plagi inapiga wakati gani injini ikizunguka. Nikwambie, nilipoitoa kwenye boksi nilikasirika. Shilingi 4,500 na mkononi ni nyepesi kama ile bastola ya maji ya watoto! Nakuru imekuwa jiji tangu 2021, lakini kutafuta kitu kama hiki nimezunguka maduka ya spea hadi viatu vikalia. Wengi wananiuliza, "Tochi ya kumulika nini?"

Mambo ya volti nayaruka, mnayajua. Nyekundu kwa chanya ya betri, nyeusi kwa hasi, halafu hiki kibanio kinauma waya wa plagi namba 1, mshale ukitazama plagi. Imeisha hiyo.

Sasa gari. Ni Corolla DX ile ile, injini ya 4K, kabureta, na distributa, kile kinachogawa cheche kwa plagi, ya kontakti. Mwezi uliopita fundi mmoja alinifanyia taimingi kwa sikio. Analegeza distributa, anazungusha, anasikiliza, injini ikiimba vizuri anakaza. Na hapa nyumbani iliimba kweli. Nikateremka nayo Kisumu, sawa. Kurudi sasa! Nimepita Ahero, nimepita Awasi, mlima wa kwenda Kericho unaanza, jua la saa nane, gari imejaa watu na mapera, nikikanyaga mafuta nasikia kra-kra-kra, kama mtu anatikisa kopo la changarawe chini ya boneti. Shangazi akauliza kama ni mapera yanagongana.

Sikio la fundi si baya. Shida ni kwamba Nakuru tuko juu, karibu mita 1,850, hewa nyepesi, injini inavumilia cheche ikiwahi kidogo. Kisumu ni kama mita 1,130. Hewa inajaa kwenye silinda, ongeza joto, ongeza mzigo, na ile cheche iliyowahi inageuka nyundo juu ya pistoni. Tena sikio linasikiliza gari ikiwa imesimama uani. Mlimani fundi hayupo.

Basi tuingie kazini. Pulei ya krenki, lile gurudumu la mbele ya injini, nimeisugua, nikapaka tipeksi ya mtoto wa shule kwenye alama. Nimewasha, imepata joto. Kile kimpira kinachotoka kwenye kabureta kwenda distributa nimekichomoa, nimekiziba na msumari. Hata ukisahau mengine, usisahau hicho.

Sogea hapa. Karibu zaidi. Nabonyeza... mnaona? Pulei imesimama! Haijasimama, iko mbio, ila tochi inawaka kila plagi namba 1 inapopiga, kwa hiyo jicho linaiona mahali pamoja tu. Na ndiyo maana nawaambia: feni nayo inaweza kuonekana kama imelala. Mkono mbali, tai vua, lesso vua. Saa sita mchana hii taa huioni kabisa, ndiyo maana ya kusubiri jioni. Hapo waliotengeneza hii tochi nawakata maksi.

Sasa kitu kilichonifanya nisirudishe dukani ni hiki kisahani cha nyuma. Kizungushe polepole. Tazama ile tipeksi, inatembea... inatembea... simama. Imelingana na sifuri. Soma kisahani: digrii 17, yaani cheche inapiga krenki ikibakiza digrii 17 pistoni ifike juu. Gari yangu inataka 8! Yako soma kitabu chake au kibandiko chini ya boneti, usichukue namba yangu.

Subiri, bado. Mpwa wangu, kanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, shikilia hapo. Si wewe na kamera, weka kamera juu ya ndoo! Haya. Alama imekimbia, kwa sababu vile vyuma vizito ndani ya distributa vinafunguka injini ikienda mbio. Narudisha hadi sifuri... 36. Mnaona? Hapo ndipo kra-kra ya Awasi inapozaliwa, na sikio lisingeniambia namba hiyo hata nikilala kwenye boneti.

Nalegeza nati ya distributa, nusu mzunguko tu. Kuizungusha upande inakoenda rota, ile inayozunguka ndani yake, kunachelewesha cheche, kinyume chake kunaiwahisha. Na uiguse kidogo, kama unene wa ukucha, kwa sababu distributa inazunguka nusu ya mwendo wa krenki: ukiisogeza digrii 1, kule pulei ni 2. Nimesogeza... nimepita, ni 5. Rudi... 8. Kaza. Pima tena, maana ukikaza, distributa hujisogeza. Bado 8. Kwa 2,500? 27. Nimefurahi mimi!

Kama pengo la kontakti halijapimwa, anza na hilo, maana ukiligusa baadaye taimingi inahama, unarudi mwanzo.

Kuna zile za bei nafuu zaidi zisizo na kisahani. Zinafanya kazi, ila lazima pulei yako iwe na alama za digrii zinazosomeka, na za magari yetu zimeliwa na kutu. Kuna za skrini pia, karibu mara mbili ya bei. Sikuona sababu. Ila mtengenezaji wa hii, waya! Fupi kama kamba ya mbuzi mkorofi. Ona navyoinama, mgongo unalia, na uko sentimita chache kutoka kwa feni. 4,500 bado naona ni nyingi. 3,500 ningeishangilia.

Chaneli inahamia Alhamisi jioni kuanzia wiki ijayo, bonyezeni kengele. Jumamosi naenda tena Kisumu, na kurudi nitawasha kinasa sauti pale pale baada ya Awasi, mapera yakiwemo. Mpwa wangu, zima injini kwanza ndipo uje uchukue ndoo. Nimesema injini kwanza!