Unga wa magome ya muthiga: dawa nzuri, karatasi mbaya

Nilinunua kopo la gramu 100 la unga wa magome ya muthiga kwa shilingi 450 katika duka dogo la mitishamba karibu na River Road jijini Nairobi, nikiwa nimevutiwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kopo, inayodai kwamba antioksidanti za mti huu, yaani viambato vinavyosaidia kulinda seli zisiharibiwe, zina nguvu kuliko vitamini C na kwa hiyo huzuia saratani.

Unga wenyewe sina la kuulaumu. Umesagwa laini, haukuchanganywa na kitu, na ukiuweka ulimini huanza kwa uchungu kisha huwasha kama pilipili hadi kooni, jambo linalotambulisha muthiga halisi, ambao wazee wa Kikuyu wamekuwa wakiutafuna tangu zamani kwa maumivu ya jino na kwa kifua.

Karatasi ndiyo inayonihuzunisha. Katika kipimo cha maabara kiitwacho DPPH, dondoo la mmea hutiwa katika kimiminika cha rangi ya zambarau, na kadiri rangi hiyo inavyofifia kuelekea manjano ndivyo dondoo linavyohesabiwa kuwa na uwezo wa kutuliza radikali huru, yaani molekuli zisizo tulivu zinazoweza kuharibu seli. Hicho ni kipimo cha kweli, lakini hufanyika ndani ya chupa, mara nyingi kwa dondoo lililotolewa kwa methanoli, aina ya alkoholi, ilhali mnunuzi huchemsha unga wake kwa maji, ambayo hayatoi viambato vile vile wala kwa kiasi kile kile. Tena hakionyeshi ni kiasi gani kinachovuka utumbo na kuingia katika damu. Kutoka hapo hadi kuzuia saratani ni safari ndefu ambayo karatasi imeiruka kwa sentensi moja. Kopo halina hata namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa nchini Kenya.

Mama aliyenitangulia alichukua makopo mawili kwa ajili ya mumewe, ambaye anatibiwa saratani. Nilimsihi, "Mama, tafadhali mwonyesheni daktari wake kopo hili kwanza, wala asiache dawa za hospitali," naye akaitikia kwa upole.

Muuzaji alinihudumia kwa heshima, ila hakuweza kunieleza magome yalichunwa vipi. Swali hilo lina uzito, kwa sababu gome likichunwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mti hufa. Majani ya muthiga nayo yana ukali ule ule wa pilipili, na huchipuka tena yakichumwa kwa kiasi. Nilimwomba alete unga wa majani, nikamwahidi kuulipia bei ile ile endapo karatasi ya saratani itabanduliwa. La majani aliliandika katika daftari lake, la karatasi akasema atamuuliza mwenye duka.