Kisu cha kazi ngumu kwa bei nafuu: kipi ununue ukiwa Dodoma

Tuanze na jibu, kwa sababu huenda unasoma hapa huku umeshasimama mbele ya meza ya muuza visu. Kama unaishi Dodoma, Singida au Manyoni na unataka kisu kimoja cha kuchuna mbuzi, kukata matawi ya mgunga, kupasua kuni ndogo na kuchonga mpini wa jembe, nenda kwa mhunzi ununue kilichofuliwa kwa springi ya gari. Visu vya kiwandani vina nafasi yake, na baadhi nitavisifu hapa chini. Lakini kwa pesa ya kawaida na kazi za huku kwetu, springi bado inaongoza.

Nazungumzia kisu kisichokunjwa. Cha kukunja kina kiungo katikati, na kiungo hicho ndicho kinachokufa kwanza. Vumbi letu linaingia, damu inaganda humo, halafu siku moja unakibonyeza kwenye mfupa wa paja kinakufunga vidole. Kiache kiwe cha kumenyea machungwa.

Kabla ya kupanga nafasi

Chuma kigumu sana hutunza makali muda mrefu lakini hukatika. Kilicho laini kiasi huwahi kuwa butu, ila kinapinda badala ya kuvunjika. Viwanda hupima ugumu huo kwa kipimo cha Rockwell: mapanga mengi yako kwenye 45 hadi 50 hivi, visu vizuri vya bucha 55 au 56, na visu vya Mora vya Uswidi hukaribia 58. Namba kubwa inavutia kwenye boksi. Ila jiulize utakinoa na nini. Ukiwa shambani Hombolo una tupa na jiwe, basi. Chuma cha 48 tupa inakila vizuri na dakika mbili baadaye umerudi kazini. Cha 58 tupa inateleza juu yake, kinataka jiwe laini na subira. Kwa hiyo kwa kazi ngumu, chuma kinachokubali tupa ni faida, hata kama muuzaji atakiita laini.

Jambo la pili ni kutu. Watu wa Tanga na Dar wana haki ya kulipia chuma kisichoshika kutu, maana hewa yao ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Dodoma tunapata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. Kisu cha chuma cha kawaida kikifutwa baada ya kazi kinakaa miaka. Kulipa zaidi ili kisu king'ae ni kununua dawa ya ugonjwa ambao huku hatunao.

Nafasi ya kwanza: kisu cha springi kutoka kwa mhunzi

Springi za malori na magari ya shambani hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6, mara nyingi kikiwa na kromu au silikoni kidogo. Kimeundwa kupinda na kurudi mara maelfu chini ya mzigo, na sifa hiyo ndiyo tunayoitafuta. Nondo haina sifa hiyo. Kaboni yake ni ndogo, na hata mhunzi aichome motoni na kuichovya mara kumi haitakuwa ngumu. Bamba la pipa ndilo baya zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi ni chuma kimetoka wapi, na fundi wa kweli atakuonyesha kipande kilichobaki, kimejikunja kidogo, bado kina tundu la boliti ya katikati.

Swali la pili ndilo linalotenganisha mafundi. Msalimie kwanza, usimrukie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Hiki umekichovya kwenye nini?"

"Oil chafu ya injini. Nasubiri sumaku iache kushika, ndiyo nachovya."

"Halafu?"

"Nakirudisha motoni kidogo, rangi ya majani makavu, basi."

Ukisikia majibu hayo, toa pesa. Chuma kikifika nyuzijoto 770 hivi huacha kuvutwa na sumaku, na fundi asiye na kipima joto hutumia sumaku kujua kuwa moto umekaribia kiwango. Oil hukipoza bila kukishtua. Springi ikitumbukizwa kwenye maji baridi mara nyingi hupata nyufa usizoziona. Kurudisha motoni hadi rangi ya majani makavu, nyuzijoto 200 na kidogo, ndiko kunakoondoa ule ugumu wa kuvunjika. Fundi anayekwambia "nachovya tu kwenye ndoo" anakuuzia kitu kitakachokatika kwenye fundo la mti.

Kuna mafundi wengine hawafui kabisa. Wanachukua springi nyembamba ya pikapu, wanaikata na kuichonga kwa grenda ikiwa baridi. Usiwadharau. Kisu chao kinabaki na ugumu ule ule wa springi, tuseme sawa na panga zuri: kitawahi kuwa butu kuliko kilichochovywa vizuri, lakini kukivunja ni kazi. Mwenye mashaka na mhunzi anunue cha namna hii.

Kabla ya kulipa, kiangalie kwa karibu. Shika kisu makali yakikutazama, ukielekeze juani: makali yaliyonolewa vizuri hayarudishi mwanga, na kila unapoona nukta inayong'aa pana pengo au bapa. Tembeza kona ya tupa kwenye makali kwa wepesi. Ikizama kirahisi, ni nondo. Ikiteleza kabisa, kimechovywa lakini hakikurudishwa motoni. Unataka ing'ate kidogo, kwa kusuasua. Halafu chukua msumari mnene, ulaze mezani, ukandamize makali juu yake kwa pembe ndogo na uangalie: yanapaswa kupinda kidogo sana, kisha kurudi yenyewe. Yakibaki yamepinda, laini. Yakibanduka chembe, magumu mno. Mwisho weka ncha kwenye ubao, sukuma hadi ubapa ujikunje kidogo, achia. Muuzaji akikataa usifanye haya, umeshapata jibu.

Usidanganywe na sumaku ya muuzaji mwenyewe. Kuna wanaobandika sumaku kwenye kisu na kusema "unaona, chuma halisi." Sumaku inashika nondo, inashika bamba la pipa, inashika hata visu vingi vya jikoni visivyoshika kutu. Haithibitishi chochote.

Vipimo vya kuagiza: ubapa wa sentimita 15 hadi 18, unene wa mgongo milimita 4. Wahunzi wengi hupenda kuacha milimita 6 au 7 kwa sababu kupunguza springi ya lori ni jasho, na mteja naye huona uzito akadhani ni ubora. Kisu kinene namna hiyo kinapasua kuni sawasawa, lakini ukikipeleka kwenye nyama kinachana badala ya kukata. Sisitiza 4. Mkia wa chuma upite hadi mwisho wa mpini, ufungwe kwa riveti tatu zilizokazwa haswa. Mpini wa mpingo ni mzuri ukipatikana. Wa bomba la plastiki lililoyeyushwa utazunguka mkononi mafuta ya mbuzi yakiingia.

Nafasi ya pili: panga lililokatwa

Hii ndiyo njia ya mtu mwenye pesa kidogo kuliko wote, na nashangaa watu hawaitumii zaidi. Nunua panga jipya la kiwandani. Tramontina ya Brazil hutumia chuma cha kaboni kama asilimia 0.7, na mapanga ya Martindale ya Uingereza yenye chapa ya mamba yalishajijengea jina Afrika Mashariki zamani sana. Mpelekee fundi wa grenda alikate libaki na sentimita 20, alichonge ncha. Mwambie achovye kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka bluu pembezoni pameungua, pana joto la kama nyuzi 300, na kadiri joto linavyozidi hapo makali yanazidi kulegea.

Unapata kisu chepesi, mpini uliokwisha fungwa kiwandani, na kipande cha mbele ambacho fundi anaweza kukupa kama kisu kidogo cha pili ukikiwekea mpini wa mti. Ubaya wake ni unene: milimita 2 hadi 3 tu, hivyo usikigonge kwa rungu. Kwa bucha ya nyumbani, kufyeka na kukata kamba kinatosha kabisa.

Chapa hizo zina bandia nyingi. Angalia mhuri: kwenye panga halisi umegongwa ndani ya chuma, ukipitisha kucha unausikia. Wa rangi au karatasi hauna thamani.

Nafasi ya tatu: Mora Companion

Kwa mwenye ndugu Ulaya au anayeagiza mtandaoni. Mora ni mji wa Uswidi, na viwanda vya visu vya hapo vina historia inayofika 1891. Companion ina ubapa wa sentimita 10 na ushee, mpini wa mpira usioteleza, ala ya plastiki inayooshwa kwa maji. Huko kwao ni kisu cha mafundi ujenzi, bei yake dola 20 hivi. Ikifika Dodoma na nauli zake inakuwa mara kadhaa ya kisu cha mhunzi.

Uzuri wake ni namna kinavyonoleka: upande wa makali ni mteremko mmoja mpana, unaulaza wote kwenye jiwe na kusukuma, hata mtoto wa sekondari hawezi kukosea pembe. Kwa kuchonga mbao na kuchuna hakuna cha kukishinda kwenye orodha hii. Nimekiweka nafasi ya tatu kwa sababu mkia wake hauvuki mpini mzima, na ubapa wa kawaida una unene wa milimita 2.5 tu. Ukitaka cha kugonga gonga, chukua kile cha Heavy Duty chenye milimita 3.2, na chagua cha chuma cha kaboni. Kile kisichoshika kutu mwachie shemeji yako wa Bagamoyo.

Nafasi ya nne: kisu cha bucha

Victorinox ya Uswisi yenye mpini mweusi, au Tramontina yenye mpini mweupe. Ukienda mnada wa Msalato Jumamosi utaona wachoma nyama wakivifanyia kazi siku nzima, wakipitisha kwenye chuma cha kunolea kila baada ya vipande vichache. Kwa nyama peke yake ningevipandisha hadi nafasi ya kwanza. Lakini hapa tunatafuta cha kazi ngumu, na ubapa mwembamba ukiubana kwenye kuni unapinda na haurudi sawasawa. Vile vya Kiwi vya Thailand ni vyembamba zaidi. Mchicha na vitunguu, hapo ndipo mahali pake.

Sime

Huuzwa minadani na ndugu zetu Wamaasai, ndani ya ala nyekundu ya ngozi. Nyingi nazo ni springi, na zipo nzuri sana. Ila ina makali pande zote mbili na ni ndefu, hivyo huwezi kuweka kidole gumba mgongoni ukasukuma, wala kuigonga kwa kipande cha mti. Kwa mchungaji porini ni silaha na chombo kwa pamoja. Kwa mtu wa nyumba na shamba, hapana.

Kisichofaa kabisa

Kile cheusi cha "komando", chenye meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kitako na mpini mtupu wa kuhifadhi viberiti. Mpini mtupu maana yake ubapa umeishia pale mkono unapoanzia, umeshikiliwa na skrubu moja. Meno yale hayakati mti, yanararua ala tu. Hata ukipewa bure, mwenye kukupa hakutakii mema.

Bei na matunzo

Bei za mnadani hutegemea viatu ulivyovaa, hivyo nitataja mpangilio tu. Panga la kukata ndilo la chini, kisu cha mhunzi kiko karibu nalo au juu kidogo, kisu halisi cha bucha kinafuata, Mora iko mbali juu. Kwa mhunzi usibane sana. Ukimpunja elfu mbili atakupa kile alichofua haraka jioni.

Kukipaka mafuta ni vizuri, ila yasiwe ya alizeti, ingawa huku yamejaa kila nyumba. Yakikaa hugeuka gundi na kisu kinanata kwenye ala. Tumia mafuta ya cherehani au mafuta ya mgando kidogo. Miezi ya mvua usikilaze ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hufyonza unyevu, na asubuhi unakuta madoa ya kahawia hata kwenye chuma kizuri. Kitundike nje ya ala, mahali watoto hawafiki.

Na ukisafiri nacho, kifunge kwa gazeti na kamba, kiweke kwenye begi kubwa la chini ya basi, si kiunoni. Treni ya SGR usiipande nacho. Mizigo yote hupitishwa kwenye mashine pale stesheni, na kisu cha sentimita 18 hakina maelezo ya haraka.