Mtandao unaolipa kwa kura, lakini roboti ndizo zinazoamua

Kwa miezi kadhaa nimewashauri wenzangu wa Tukuyu wajiunge na mtandao wa kijamii unaowalipa waandishi kwa sarafu za kidijitali, na sehemu ya ushauri huo bado naisimamia. Nilipoeleza jinsi wakulima wa Isongole wanavyochagua mbegu ya viazi mviringo, wasomaji waliuliza maswali ya maana, na kura zao zikaniingizia fedha halali.

Kinachonikera ni roboti za kura, yaani programu za kompyuta zinazopiga kura zenyewe. Picha ya Ziwa Ngozi, iliyoibwa kwa mpigapicha ninayemfahamu na kuwekewa maneno mawili tu, ilipandishwa hadi juu kabisa na mkururo wa kura zilizoingia katika sekunde ileile, kutoka akaunti zilizotofautiana tarakimu ya mwisho ya jina. Mfuko wa malipo ni mmoja, hivyo zinachozoa roboti kinapungua kwa aliyekesha akiandika.

Nilipiga kura hasi, yaani ya kulishusha chapisho hilo, kama kanuni zinavyoruhusu. Usiku huohuo roboti ziliyashambulia machapisho yangu yote, hata lile la kumwombolezea mwalimu wangu, alama yangu ya heshima ikashuka chini ya sifuri na maandishi yangu yakafichwa. Nilipolalamika, mhudumu alinijibu kwamba mwenye sarafu nyingi, ambaye kura yake ina uzito zaidi, ana haki ya kuzitumia apendavyo, na kwamba niache wivu. Wivu, kwa kumtetea mtu aliyeibiwa kazi yake!

Wenye mtandao wasiseme kuzidhibiti roboti hakuwezekani. Steemit, mtandao mwingine kama huu, iliyoanza mwaka 2016 na ambayo pia hupima uzito wa kura kwa sarafu alizozifungia mtu katika akaunti yake, ilishuhudia roboti zikiuza kura waziwazi kwa dau. Mwaka 2019 ikabadilisha kanuni: kila mtumiaji akapewa kiasi cha kura hasi kisichompunguzia nguvu ya kura zake nyingine, na mgawo wa malipo wanaopata wapiga kura ukapanda kutoka asilimia 25 hadi 50, ili kusoma na kuchagua kazi nzuri kulipe kuliko kuuza kura. Tatizo halikuisha, lakini angalau walijaribu.

Nilikusudia kuupa mtandao huu nyota tatu kwa ajili ya wasomaji wake. Nikilikumbuka jibu la yule mhudumu, naupa moja. Nanyi niliowashauri mjiunge, anzeni leo kuzifungua sarafu mlizozifungia katika akaunti zenu, kwa kuwa hutolewa kidogokidogo kila wiki.