intel_pstate kwenye laptopu ya mtumba: kiendeshi kizuri, ila kina masharti

Laptopu nyingi za mtumba pale Kariakoo zina prosesa ya Intel. Ukiweka Linux, kiendeshi hiki, yaani programu inayosimamia kasi na umeme wa prosesa, kinakuja bure. Kimo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2013. Kinaiweka mipangilio ya umeme ya prosesa kwenye mafaili ya kawaida chini ya /sys/devices/system/cpu, na kazi hiyo kinaifanya vizuri sana.

Faili lenye thamani kubwa ni energy_performance_preference, lililo kwenye folda ya cpufreq ya kila kore. Andika balance_power: prosesa itabana matumizi, jambo la maana umeme ukikatika. Kwa joto la Dar la Februari, andika pia 1 kwenye intel_pstate/no_turbo. Kasi ya juu utaipoteza, lakini feni itapumua.

Sasa masharti. Faili la kwanza linataka prosesa yenye HWP (uwezo wa prosesa kujipangia kasi yenyewe), yaani kuanzia kizazi cha Intel kiitwacho Skylake kwenda mbele. Kabla hujalipa, endesha grep hwp_epp /proc/cpuinfo; kimya maana yake haipo. Ukikataliwa kuandika humo kwa ujumbe wa “busy”, scaling_governor, faili la folda hiyo hiyo linalochagua mtindo wa kupanga kasi, iko kwenye performance. Ibadili iwe powersave, ambayo licha ya jina lake hupandisha kasi kazi ikizidi.

Kuandika tumia sudo tee, amri inayoandika faili kwa mamlaka ya msimamizi. Sudo echo yenye mshale (>) hugoma, kwa sababu faili hufunguliwa na sheli isiyo na mamlaka. Mashine ikizimwa, yote hufutika, hivyo yahifadhi kwenye /etc/tmpfiles.d, folda ya maagizo yanayotekelezwa mashine ikiwaka. Na kama TLP, programu ya kubana umeme wa laptopu, imewekwa, badilisha humo humo, la sivyo itakufutia.