Picha ya Isimila: laki moja na ishirini, na nusu ya karatasi ni tupu

Mzee wangu alipoiona mara ya kwanza aliigeuza, akaangalia nyuma ya fremu. "Mama watoto, hapa umelipia karatasi."

Mchoraji ni kijana wa huku Kihesa, Iringa, anafanyia kazi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kwao (kuku wanaingia na kutoka, mjiandae). Nilimpelekea picha ya simu ya zile nguzo za mawe za Isimila, nje ya mji wetu, nikitaka rangi za mafuta, iwe kubwa, ijae ukuta. Akauliza niliipiga saa ngapi. Asubuhi, nikamwambia, mwezi wa sita, ukungu bado uko chini. "Basi mama, ukungu hatuuchori. Tunauachia nafasi yake."

Wino wake ni wa Kijapani, kijiti kigumu cha masizi na gundi, anakisugua kwenye jiwe lenye maji mpaka maji yawe meusi. Ukikosea hakuna kufuta. Alichana karatasi mbili mbele yangu, yangu ni ya tatu. Ila nguzo za mbali kuwa ndogo, na vivuli vyote kulala upande mmoja, hayo ni ya Kizungu, na nilimwambia anachanganya. Akacheka. Ile picha ya wimbi ya Hokusai, mchoraji wa Japani, ya mwaka 1831 hivi, bluu yake asili yake ni Berlin, Ujerumani. Na Van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi, mwaka 1887 alikaa akanakili kwa rangi za mafuta picha ya mvua ya Hiroshige, Mjapani mwingine. Wameazimana siku nyingi hao. Bluu hiyohiyo kaniwekea juu, ukanda mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Ndipo macho yangu yanapoenda kila siku.

Wino ukikauka anapuliza shakuhachi, filimbi ya Kijapani ya mwanzi yenye matundu manne mbele na moja nyuma. Kaichonga mwenyewe. Mwanzi wa ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ulimshinda, umejaa nyama ndani, akatafuta wa aina nyingine. Mimi nilidhani anaijaribu, kumbe wimbo ulishaanza: sauti moja, inafifia, kimya, jogoo anawika, ndipo inakuja ya pili. Peke yake dakika kumi zinatosha. Alipokuja mwenzake na gitaa, wakapiga kwa mwendo wa kwaya zetu, nikasahau kwamba nimeacha maharage jikoni.

Kasoro: aliahidi wiki mbili, nikaipata ya tano. Na fremu tafuteni wenyewe, aliyoniwekea ina kioo kinachong'aa kama sahani, mchana unajiona wewe badala ya Isimila. Bei sikujaliwa kuipunguza hata shilingi.

Juzi kaja shemeji yangu kutoka Makambako. Mzee akampeleka mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye pale peupe: "Hapa ndipo tulipoegesha gari."